Picha za Mbingu na Maneno Yaliyokatwa Chini Yake

Iko picha moja ambayo wengi wenu mnayo katika telefoni zenu. Ni duara kubwa lenye rangi ya buluu katikati, na kandokando yake wekundu na umanjano uliochanua kama kope. Kwa kweli lafanana na jicho la mtu. Chini yake pameandikwa kwamba hilo ni Jicho la Mungu, kwamba laonekana mara moja tu katika miaka 3000, na kwamba atakayeituma picha hiyo kwa rafiki zake atapata baraka upesi. Imezunguka duniani tangu miaka ya mwanzo ya karne hii, na hapa Bunia imepita kutoka jumuiya hadi jumuiya, kutoka kwaya hadi kwaya, ikafika Djugu, ikafika Mahagi, ikarudi tena kwetu ikiwa na baraka nyingine zilizoongezwa njiani.

Twataka kuihukumu picha hiyo pamoja na ndugu zake, kama mtu ahukumuvyo kitabu au wimbo mpya wa kwaya. Je, ni nzuri? Je, ni ya kweli? Nani aliifanya, kwa chombo gani, na alitaka tuone nini? Maana picha za nyota na sayari zimekuwa nyingi, na watoto wetu wazitazama kuliko wanavyotazama picha za katekisimu. Kitu kinachotazamwa namna hiyo hakifai kuachwa bila kuzungumzwa.

Tuanze kwa kuitendea picha yenyewe haki. Picha ile si ya uongo. Uongo ni maneno yaliyobandikwa chini yake, baada ya maneno ya kwanza kukatwa. Kitu kile kipo kweli. Wataalamu hukiita Helix, nacho kipo upande wa kundi la nyota liitwalo Ndoo, umbali wa miaka ya nuru ipatayo 650. Maana yake, nuru iliyoingia katika kamera iliondoka huko zaidi ya miaka mia moja kabla Mreno Diogo Cão hajafika mdomo wa Mto Kongo mwaka 1482. Hapo zamani ilikuwa nyota ya namna ya jua letu. Imezeeka, imepuliza nje hewa zake, na hewa hizo zang'aa kwa sababu ya kiini chenye moto mkali kilichobaki katikati. Hatuna haja ya kuingoja miaka 3000. Ipo mahali pake usiku kwa usiku, ila ni hafifu mno kwa macho matupu.

Tena jinsi picha hiyo ilivyopatikana, hapo pana habari ambayo hakuna aliyetutumia. Tarehe 19 Novemba 2002 dunia ilikuwa ikipita katika mvua ya vimondo viitwavyo Leonidi. Wale waitunzao darubini ya Hubble, inayozunguka dunia huko juu, waliogopa chembe zile zisije zikapiga kioo chake. Basi wakaigeuza iipe mvua ile mgongo, kama mama ageukavyo na mtoto wake kifuani ili vumbi la barabara lisimwingie machoni. Upande ule ilikogeukia ndiko ilikokuwa Helix. Badala ya kukaa bure saa zile zote, wakapiga picha kipande kwa kipande, wakaviunganisha vipande, wakavichanganya na picha nyingine ya darubini ya chini, iliyoko Kitt Peak katika nchi ya Marekani, na mwaka 2003 wakaitangaza. Kwetu sisi habari hii ya kugeuza mgongo yazidi kwa ajabu ile ya miaka 3000. Lakini hiyo ndiyo iliyokatwa, kwa kuwa haimwahidi mtu baraka.

Labda mtu atasema: Mwalimu, hayo ni mambo madogo, mama mzee akifurahi kwa picha, mwache afurahi. Tungemwacha, kama mambo yangekoma kwa mama mzee. Lakini mama yule humtumia mwanawe aliye sekondari, na mwana yule si mjinga. Hutafuta, na kwa dakika chache huona kwamba habari ya miaka 3000 ni ya kubuni. Hapo hamhukumu yule asiyejulikana aliyeibuni. Humhukumu mama yake, na baada ya mama yake parokia nzima. Husema: Kumbe watu wa Kanisa huamini lolote. Tumeyasikia maneno hayo katika darasa la kipaimara, tena yalisemwa kwa upole, na upole ule ulituuma kuliko hasira. Mungu aliyeziumba nyota hana haja ya mega zetu ili ajulikane. Na anayemtetea kwa habari ya uongo humwachia jirani kazi ya kufuta.

Lugha yetu nayo yachangia kosa hili kidogo. Neno mbingu twalitumia kwa makao ya Mungu, na neno hilohilo twalitumia kwa uwingu ule wenye jua na mwezi, ingawa tunalo neno anga. Mtu akisikia kwamba darubini imepiga picha mbingu, moyo wake wakimbilia mara moja kwenye Baba Yetu. Darubini haifiki huko, wala haikutumwa huko. Inapiga picha viumbe.

Kuna kundi la pili, na hao wazidi kuongezeka mjini. Wamesikia kwamba rangi za picha za nyota hutiwa na watu. Basi husema kwamba zote zimechorwa ofisini, kwamba hakuna aliyefika mwezini, kwamba sayari zenyewe labda hazipo. Wa kwanza humeza kila kitu, wa pili hutema kila kitu, na hapo katikati hakuna aliyekaa chini akaitazama picha. Mwanafunzi mmoja alituuliza waziwazi: Kama rangi imetiwa, si ni uongo basi?

Swali hilo ni zuri, nasi twataka kulijibu polepole.

Ukivunjika mguu, wakupeleka hospitalini kupigwa picha ile ya mifupa tunayoiita radio. Daktari hukuonyesha mfupa mweupe katika giza jeusi. Mguu wako si mweusi kwa ndani, wala mfupa wako hauwaki kama taa. Mbona humwambii daktari kwamba amekudanganya? Kwa sababu wajua kwamba chombo kile kimeona kwa miali ambayo macho yako hayaioni, kisha kikaigeuza kuwa weupe na weusi ili nawe upate kuona. Ufa wa mfupa ulioonyeshwa ni ufa wa kweli, na utatiwa plasta ya kweli. Mambo ya nyota ni hayohayo.

Tena katika jambo hili Afrika yetu ya Mashariki ina sehemu yake, ambayo yafaa ijulikane zaidi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Waitalia baharini karibu na Malindi, Kenya, ilirushwa satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi ya kutafuta miali ya eksirei itokayo katika nyota. Miali hiyo haipenyi hewa ya dunia, kwa hiyo ilibidi chombo kiende juu yake. Walichagua pwani ile kwa kuwa iko karibu na ikweta. Na kwa sababu siku ile ilikuwa sikukuu ya Kenya ya kupata uhuru, satelaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilifanya kazi mpaka mwaka 1973, ikaacha orodha ya vitu 339 ving'aavyo kwa eksirei. Habari zake zilisaidia wataalamu kutambua kwamba katika kundi la nyota la Cygnus mna kitu kizito mno kiwezacho kuzuia hata nuru isitoke. Uhuru haikuleta picha hata moja ya kutundika ukutani. Ilileta hesabu. Lakini katika vitabu vya elimu ya nyota vya dunia nzima jina lake laandikwa kwa lugha yetu, na ni wachache kati yetu wanaolijua.

Baada ya hiyo tuitazame darubini ya Webb, ambayo picha zake ndizo zipendwazo zaidi siku hizi. Ilirushwa siku ya Noeli ya mwaka 2021 kutoka Kourou, Guyana ya Wafaransa, na picha zake za kwanza zilitangazwa Julai 2022. Yenyewe huona hasa nuru ile iliyo chini ya nyekundu, ambayo jicho haliioni ila ngozi huisikia kama joto tuotapo makaa. Kioo chake chenye upana wa mita 6.5 kimepakwa dhahabu, kwa kuwa dhahabu huirudisha nuru ya namna hiyo vizuri sana. Nasi watu wa Ituri hatuwezi kuipita habari hii bila kusimama. Dhahabu yote ya kioo kile ni gramu 48 hivi. Ni kiasi ambacho mchimbaji wa Mongbwalu angeweza kukifunga katika pembe ya kitambaa. Twaijua dhahabu kwa mashimo, kwa maji ya mito yaliyogeuka matope, kwa vijana walioacha shule, na kwa bunduki. Hatusemi kwamba dhahabu ya kioo kile ilitoka kwetu. Twasema tu kwamba gramu 48 zilipopakwa nyembamba kuliko utando wa yai, zilitosha kukusanya nuru ya nyota zilizong'aa kabla dunia haijawako.

Basi, rangi za Webb ni tafsiri. Nuru isiyoonekana imehamishwa ikawa nyekundu, kijani na buluu, kwa utaratibu: iliyo ndefu zaidi hupewa wekundu, iliyo fupi hupewa ubuluu. Kufasiri si kosa. Sisi makatekista twaishi kwa kufasiri. Lakini mfasiri mwaminifu husema kwamba amefasiri, na toka lugha gani. Wenye Webb husema; maneno huwapo chini ya picha, yakieleza vichujio na rangi. Anayeyakata ni mtu wa katikati, yule atumaye.

Hata hivyo, hatutaki kuwasifu wataalamu katika kila jambo, kwa maana nao ni watu, na hupenda kupendeza. Tuchukue picha iitwayo Nguzo za Uumbaji, iliyopigwa na Hubble tarehe 1 Aprili 1995. Ni minara mitatu ya vumbi na hewa, umbali wa miaka ya nuru 6500 hivi, ambamo nyota mpya zazaliwa. Salfa imepewa rangi nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni buluu. Sababu ni njema: kwa jicho, salfa na haidrojeni zote mbili ni nyekundu, na zingechanganyika tusizitambue. Lakini minara imesimamishwa wima kama nguzo za kanisa kuu, na jina likatiwa ambalo lamsukuma mtazamaji kupiga magoti kabla hajatazama. Katika anga hakuna juu wala chini. Mtu angeweza kuilaza picha ile ubavu, na elimu yake isingepungua hata kidogo. Kwa hiyo twaiona kuwa picha nzuri iliyovikwa kanzu ambayo haikuiomba.

Kuna kitu kimoja ndani yake tukipendacho kuliko minara. Pembeni, juu, picha ile ina ngazi nyeusi, kama kwamba panya ameitafuna. Sababu yake ni kwamba kamera ilikuwa na macho manne, na moja kati yake lilikuwa likikuza zaidi kuliko mengine, hivyo kipande chake kikaja kidogo. Wengi wachapao picha hiyo hukata ngazi ile ili ipendeze. Wanakata ushahidi. Ngazi ile yatuambia kwamba palikuwa na chombo, chenye mpaka, kilichofanya kazi. Mchoraji wa ofisini asingeiweka.

Jambo hili la kuonyesha kitu kama kilivyo, hata kikiwa na kasoro, si geni katika Kanisa. Mwaka 1610 Galileo alitangaza kwamba mwezi si tufe laini kama walivyodhani wengi, bali una milima na mabonde. Rafiki yake Ludovico Cigoli alikuwa mchoraji, na wakati uleule alikuwa na kazi katika kikanisa cha Papa Paulo V ndani ya Basilika ya Maria Mkuu, Roma. Ilimpasa amchore Bikira Maria amesimama juu ya mwezi. Desturi ilitaka mwezi safi, laini, usio na doa. Cigoli akamaliza kazi mwaka 1612, na chini ya miguu ya Mama akaweka mwezi wa darubini, wenye mashimo na makovu. Upo hata leo. Ni basilika ileile alimozikwa Baba Mtakatifu Fransisko Aprili 2025, na waamini wapitao kusali kaburini pake wako hatua chache tu toka mwezi ule. Mchoraji yule hakuona kwamba utakatifu wa Maria ungepungua kwa mashimo ya mwezi. Twapenda kuufikiria moyo wa mtu yule, akiwa juu ya jukwaa na brashi mkononi.

Sasa tuje kwa picha ambayo sisi wenyewe tumo. Tarehe 7 Desemba 1972, saa tano na dakika chache baada ya kuondoka duniani, watu watatu wa Apollo 17 waliipiga dunia picha wakiwa umbali wa kilomita 29,000 hivi. Jua lilikuwa nyuma yao, kwa hiyo dunia ilionekana mviringo mzima, bila upande wa giza. Na upande ulioelekea kamera ulikuwa Afrika: jangwa la Sahara na Bara Arabu wazi kabisa, Madagaska pembeni, barafu ya kusini nyeupe chini, na katikati, huku kwetu, mawingu yaliyotawanyika juu ya msitu. Wakati huo nchi yetu iliitwa Zaire. Mtu akiwa na subira aweza kufuata pwani ya Bahari ya Hindi, kisha akaingia ndani mpaka penye maziwa makuu, akaweka kidole na kusema: Bunia iko hapa, chini ya kiwingu hiki au kile.

Picha hiyo twaiweka juu ya nyingi. Haina rangi ya kufasiriwa. Ni kamera ya mkononi na filamu ya kawaida, nuru iliyoingia ni ile ambayo jicho lingeiona. Lakini nayo ilisahihishwa kidogo: ilipopigwa, kusini kulikuwa juu, na waliotangaza waliigeuza ili kaskazini kukae juu, kama ramani za shule. Si dhambi. Ila twasema, mwalimu wa shule ya msingi na aigeuze siku moja mbele ya watoto, Rasi ya Tumaini Jema ikiwa juu na Ulaya ikiwa chini kabisa pembeni, awaache watazame kimya. Watajifunza jiografia zaidi ya kipindi kimoja.

Picha zilizopigwa juu ya uso wa sayari zenyewe ni maskini kwa kuzitazama, na pengine kwa sababu hiyo hazitumwi na mtu. Zuhura, ile nyota ya jioni ambayo kila mtoto wa Ituri aijua, ilipigwa picha chini kabisa na chombo cha Warusi, Venera 13, tarehe 1 Machi 1982: mawe bapa, mwanga wa rangi ya machungwa, na kipande cha mguu wa chombo. Joto lilikuwa digrii 457. Chombo kilitengenezwa ili kivumilie dakika 32, kikavumilia 127, kikanyamaza.

Na tarehe 14 Januari 2005 chombo cha Ulaya, Huygens, kilishuka kwa mwavuli muda wa karibu saa mbili na nusu katika hewa nzito ya Titani, mwezi mkubwa wa Zohali. Kwa kosa la amri moja iliyosahauliwa katika programu, karibu nusu ya picha zake, zipatazo 350, zilipotea zisipokelewe na mtu. Zilizobaki ni za ukungu, zenye chembechembe, mbaya kuliko picha ya telefoni ya bei ya chini sokoni. Lakini itazame ile ya mwisho, ya chini. Ni uwanja wenye mawe ya mviringo, yaliyolainishwa, yamelala kama mawe yalalavyo katika kitanda cha Mto Shari wakati wa kiangazi. Mawe hayo ni barafu, ngumu kama mwamba kwa baridi ya digrii 180 chini ya sifuri, na kilichoyalainisha ni mito, si ya maji, bali ya metani, hewa ile ambayo pia imeyeyuka katika kilindi cha Ziwa Kivu. Mto uliwahi kupita pale! Mtu aliyefua nguo mtoni utoto wake wote ataielewa picha hiyo upesi kuliko profesa aliyekulia katika ghorofa. Kwetu hii ni moja ya picha kuu za karne hii, nayo haina uzuri wowote wa kuuzia kalenda.

Twafika kwenye picha iliyo maskini kuliko zote. Voyager 1 iliondoka duniani tarehe 5 Septemba 1977. Ilipita Mshtarii na Zohali, ikaendelea nje. Mtaalamu Carl Sagan aliomba kwa miaka mingi kwamba kabla kamera yake haijazimwa igeuzwe nyuma mara moja. Wengine hawakuona faida, maana dunia ingekuwa ndogo mno kwa elimu yoyote. Mwishowe walikubali, na tarehe 14 Februari 1990, toka umbali wa kilomita bilioni 6, Voyager ikageuka na kupiga picha 60. Katika moja ya hizo mna mwali wa nuru, ambao si kitu cha angani bali ni mng'ao wa jua ndani ya kamera yenyewe. Na katikati ya mwali huo mna nukta. Nukta hiyo ni dunia. Haijai hata chembe moja kati ya chembe zifanyazo picha. Mtu asiyeambiwa angeipangusa kwa kidole akidhani ni vumbi. Dakika chache baadaye kamera ikazimwa, wala haikuwashwa tena.

Maneno ya chini yakikatwa, picha hii haina kitu. Hakuna awezaye kuibandika baraka ya uongo, kwa kuwa hakuna atakayeitazama. Yahitaji neno lake kama Hostia ihitajivyo kengele ili mtoto ajue kuinua macho. Mtusamehe mfano huu, makasisi.

Lakini neno lake kwa watu wa Ituri lina ziada. Ubavuni mwa Voyager kumefungwa sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu, ambayo ni rekodi ya muziki na sauti, kwa ajili ya yeyote atakayeweza siku moja kuikuta. Mna nyimbo na muziki wa mataifa mbalimbali, vipande 27. Mna Bach, mna Mozart, mna Beethoven. Na kati ya hivyo mna wimbo wa sekunde 56 wa wasichana wa Kimbuti wa msitu wa Ituri, wimbo wa sherehe yao ya kuingia utu uzima, uliorekodiwa na Colin Turnbull, Mwingereza aliyekaa nao katika miaka ya 1950. Naam, Wambuti hawa wa Mambasa, ambao tukiwakuta sokoni wakiuza asali huwapunguzia bei kwa sababu tu ni wao. Ambao katika baadhi ya parokia zetu hukaa bado benchi la nyuma. Sauti za binti zao zilikuwa ndani ya chombo kile siku kilipogeuka na kuitazama dunia. Sasa zimefika zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa. Tangu Agosti 2012 zimevuka hata mpaka wa upepo wa jua.

Hapa pia tuna neno la lawama, maana hatukukusudia kusifu tu. Katika orodha ya rekodi ile Bach ana jina lake. Wasichana wale wameandikwa kuwa wasichana wa Kipigmi wa Zaire, basi. Aliyerekodi ametajwa, walioimba hawakutajwa. Hata kuitwa Wambuti hawakuitwa. Maneno ya chini, hata hayo mafupi, yalikatwa kabla ya kuandikwa. Huenda wengine kati yao waliishi mpaka uzeeni katika vijiji vya barabara ya Mambasa, walipitia vita vya 1964 na vile vya 1998 hadi 2003, na hakuna aliyewaambia sauti yao iko wapi. Wenye redio za parokia, wenye vyombo vya kurekodi, kazi hii ni yenu: wazee wa Epulu na wa kando ya Mto Ituri wangali wanazijua nyimbo za namna ile, na nani humwimbia nani, na lini.

Kuhusu Jicho, hatuombi mtu aifute picha hiyo. Na abaki nayo, ni nzuri. Ila anayeituma na aandike chini yake: Helix, miaka ya nuru 650, darubini ya Hubble, Novemba 2002, maneno manane au tisa, hayamalizi mega.

Na kwa ukumbi wa parokia tumependekeza picha mbili, moja ya Apollo 17 na moja ya Voyager, zichapwe mjini kwa ukubwa wa kutosha na kutiwa fremu, zikiwa na maandishi yake kwa Kiswahili na Kifaransa. Ile ya Voyager itundikwe chini, kwa kimo cha mtoto, kwa maana watataka kuigusa nukta, na kioo kitahitaji kupanguswa mara kwa mara.